Bafle Mbili Ndogo za Mama Mkwe

Watu wa Kampemba wananijua kwa ukubwa. Sisemi ukubwa wa mwili, ingawa hapo pia sijambo. Nasema bafle, spika ninazoziunda kwa mikono yangu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa uani kwangu kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba peke yake. Harusi ikipigwa Bel-Air, watu wa mitaa mingine wanajua bibi harusi ameshaingia ukumbini, na wanajua pia bafle ni za nani. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa makubaliano. Kichwa changu kilirudia darasa mara kadhaa. Mikono yangu haijawahi kurudia hata moja.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kuishi kwetu, nyonga imevunjika na haitaki tena kumbeba bila fimbo, niliona Mungu ameniletea mtihani mwepesi. Mama alitaka kitu kimoja tu: kumsikia padri akiongoza rozari ya asubuhi redioni. Kanisani hafiki tena, na masikio yake yamechoka. Mke wangu, kifungua mimba wake, alikuwa amewaomba ndugu zake wote wa Kasai wamwachie mama. Wao walitaka aende kwa binti mdogo, aliyeolewa na injinia wa mgodi kule upande wa Kinsevere. Huyo injinia na mimi ni wanyumba, tumeoa dada wawili. Ana diploma ukutani, maji ya moto bombani, na redio ya dukani yenye taa za buluu. Ndugu walikubali shingo upande: mama akae kwetu, lakini siku atakayonung'unika, anahamishwa. Mke wangu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mimi nililala, maana nilijua uwezo wangu.

Sasa, mila. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Hatuli pamoja, sikalii kiti chake, siingii chumbani kwake. Akipita kwenye korido nageukia ukuta. Nikipita mimi, anavuta kitenge usoni. Kuna mbuzi wa kuondoa hiyo haya, na mimi si mtu wa kushindwa na mbuzi, ila wazee wa upande wake bado wanajadiliana huko kwao ni mbuzi wa rangi gani. Basi tuliishi katika nyumba moja kama malori mawili kwenye daraja la lori moja, na mke wangu ndiye aliyekuwa akituongoza.

Kwanza nilileta bafle yangu kubwa kuliko zote. Nikaisimamisha kwenye korido mbele ya mlango wa mama, nikaunganisha redio, nikafungua sauti kwa heshima ya mkwe. Salamu Maria ya kwanza ilitoka kama lori linalomwaga mawe. Mabati yaliimba. Vikombe kabatini vilicheza. Kabla ya fumbo la pili, jirani alikuwa getini na kiti cha plastiki kichwani, na nyuma yake kina mama watatu, mmoja na sukari, mwingine na mfuko wa makaa. Kwetu, bafle kubwa ikisali asubuhi bila harusi, maana yake ni moja tu: kilio.

"Pole, baba," jirani alisema. "Alikufa saa ngapi?"

"Nani?"

"Nkambo, mama mukwe yako."

"Nkambo haikukufa. Iko anasali."

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyebeba kiti bure. "Sasa juu ya nini unatuita?"

"Mi sikuita muntu."

"Na bafle ya vile? Hata bantu ba kule Katuba beko njiani sasa!"

Waliketi hata hivyo, kwa sababu viti vilikuwa vimeshafika, na ikabidi chai ipikwe. Mama mmoja, aliyeanza kulia tangu barabarani, hakuona sababu ya kukatiza. Mama mkwe alisikia yote kutoka kitandani. Kisha mke wangu akaniletea ujumbe kutoka chumbani, akijizuia kucheka:

"Mama anasema aksanti. Anasema siku ya kufa atakuambia yeye mwenyewe."

Jioni mke wangu alisema, "Papa, fanya bafle ya kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Sawa na mukate. Mbili, moja huku ya kichwa, moja kule."

"Miye? Mukate?"

"Unaogopa. Weye unajua tu makelele."

Mwanaume hawezi kuambiwa hivyo ndani ya nyumba aliyoijenga. Kesho yake nilianza. Spika mbili za sauti nene nilizitoa kwenye milango ya teksi iliyokufa. Mbili nyembamba, zile tunaziita twita, zilitoka kwenye televisheni ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Mbao zilikuwa za kabati la zamani, sehemu ambazo mchwa walizionea huruma. Viungo nilivijaza gundi na unga wa msumeno, upepo usipate pa kutokea, na ndani nikatandika sponji ya godoro. Mbele ya twita niliweka kondansateri, kidude kama pipi yenye miguu miwili. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: sauti nene hapiti mtu, nyembamba karibu. Spika kubwa nayo ina mlinzi wake, bobini ya waya wa shaba, anayefukuza zile nyembamba. Shaba ya mji huu inaondoka kwa malori usiku na mchana. Yangu niliitoa kwenye mota ya feni iliyoungua, nikaisokota juu ya kipande cha mpini wa ufagio. Wenye shule wana hesabu zao za kujua mizunguko mingapi. Mimi naongeza, napunguza, nasikiliza, mpaka ile s ya "salamu" iache kupiga mluzi.

Waya mwekundu ulikuwa umekwisha, nikatumia mweusi kote. Nilizijaribu mezani moja moja. Sijui niseme nini. Fikirini mkate unaoongea kama askofu.

Tatizo lilikuwa kuzifunga, maana chumbani siingii. Mke wangu aliingia na nyundo, mimi nikasimama kwenye korido uso ukutani, nikiongoza kwa mdomo kupitia pazia.

"Ile ya kushoto, panda nayo kidogo."

"Kushoto ya nani? Yangu ao yako?"

"Ya mama!"

"Mama amelala. Kushoto yake iko chini."

Tulifika kwenye waya.

"Sasa unga ule mweusi."

"Yote iko mieusi."

"Basi unga tu!" nilisema. Mambo ya chanya na hasi niliyaona ni ya wanafunzi.

Rozari ikaanza. Kutoka kwenye korido ilikuwa asali. Nikauliza, "Mama anasema nini?" Jibu likaja: "Anasema muzuri." Wiki nzima nilitembea avenue yetu nikiwaeleza watu kwamba ukubwa ni mambo ya washamba, kwamba fundi wa kweli anajulikana kwa kitu kidogo. Wengine walikuwa wateja wangu wa zile kubwa. Walinisikiliza kwa makini sana.

Halafu Jumamosi moja nilimkuta mke wangu jikoni anasonga bukari, ugali wetu, huku machozi yanaingia sufuriani. Alikuwa amegundua kwamba kila asubuhi, yeye akishatoka chumbani, mama anazima redio na kusali peke yake kwa midomo. Na mdogo wake alikuwa amepiga simu: gari ya mumewe, ile jipu, inakuja kesho kumchukua mama.

"Mama alimwambia nini?"

"Alisema hapa iko muzuri, lakini padri haiko."

"Padri haiko? Mi namusikia!"

"Weye uko mu korido," alisema mke wangu. "Mama iko mu kitanda. Mi namupeleka ku jua sasa hivi. Ingia, sikiliza pale anasikilizaka."

"Kitanda ya mama yako? Unataka nife na haya?"

"Kufa na haya, ao kesho mama anaenda. Chagua."

Akamtoa mama uani, akamketisha juani. Niliingia chumba kile kama mwizi mwenye adabu. Nilivua koti, nikalitandika juu ya mto ili kichwa changu kisiguse pake, nikalala, nikafungua redio. Na kweli, padri hakuwemo. Sauti ilikuwepo, lakini imevuliwa kifua, inazunguka chumba kizima haijui pa kukaa. Ilikuwa pembeni, ilikuwa nyuma, ilikuwa kila mahali isipokuwa kati ya zile bafle mbili, pale pale penye kichwa cha mama.

Nikasikia fimbo. Mama mkwe alikuwa anarudi kuchukua kitambaa chake cha kichwa, polepole, akijishika ukutani, na mimi nilichelewa. Nilifunika uso kwa mkono wa koti. Yeye aligeuka upande wa pili.

"Ukuta," aliuambia ule ukuta, "kuna muntu mu kitanda yangu?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza neno. Nikaielekea bafle ya dirishani.

"Bafle, sema ni fundi. Fundi haiko mukwe saa ya kazi."

Nilidhani atamwita binti yake. Badala yake alikohoa, na nadhani ndani ya kile kikohozi palikuwa na kicheko.

"Ukuta, ambia fundi hivi. Nikifunika kile cha dirisha na muto, padri anakuya. Nikifunika kile kingine, padri anakuya. Bote babili pamoja, anakimbia. Biko sawa bibi babili ba bwana mumoja. Huyu anavuta, ule anasukuma."

"Na juu ya nini haukusema, bafle?"

"Ukuta, ulishasikia wapi mama anakosoa kazi ya mukwe?"

Anavuta, anasukuma. Niliinuka. Nilichukua betri ya tochi, nikagusisha waya za bafle ya kwanza: karatasi ya spika ikaruka mbele. Nikagusisha za pili vile vile: ikarudi nyuma. Wakati moja inapumua nje, nyingine inavuta ndani, na padri wa watu anamezwa hapo katikati. Nililegeza waya mbili za upande wa dirisha, nikazibadilisha nafasi, nikafungua redio.

Padri alikuja akasimama juu ya mto. Si mbele, si pembeni. Juu ya mto, na kifua chake chote.

Mama mkwe alipiga ishara ya msalaba nyuma ya kitenge. "Eeh," alisema. "Ameingia." Kisha: "Ukuta, ambia fundi atoke sasa. Akitoka, ni mukwe tena."

Nilitoka nikiutazama ukuta.

Jumapili jipu ilifika. Mwanyumba wangu alishuka na viatu vinavyong'aa, akanisalimia, "Mukubwa, habari?" kwa ile sauti anayowawekea watu wasio na diploma. Alizichungulia bafle kutoka mlangoni. "Ni hizi? Sawa hivi, kidogo?" Mke wangu alikuwa amesimama kando ya sanduku la mama ambalo alilifunga mwenyewe usiku, mkono juu ya kifuniko.

Mama alivuta kitenge usoni, akazungumza na binti yake kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwenye jipu.

"Ambia injinia aksanti. Leo nimeanza novena, siku tisa za kusali, na bantu ba redio. Novena haihami nyumba. Arudie ikiisha."

Injinia alikunywa kahawa, akaondoka. Siku tisa ziliisha, jipu ikarudi, na mama alikuwa ameanza novena ya mtakatifu mwingine. Watakatifu ni wengi kuliko mafuta ya jipu. Hakuna aliyekataa kitu, hakuna aliyekosewa heshima. Mke wangu alilifungua sanduku, akatoa kitenge kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Halafu mwanyumba wangu akaja peke yake, jioni ya siku ya kazi, bila dereva. Aliketi uani kwangu kwenye benchi la wateja.

"Mukubwa," alisema, "nifanyie mbili sawa zile. Zile zile. Nilizisikia siku ile kutoka ku mulango. Redio yangu ya duka haifikie pale. Mama akikuta bafle kule kwetu, hatakosa kuja. Ulifanya namna gani?"

Hilo ndilo swali nililolisubiri tangu siku aliyooa. Majibu yote yalikuwa mdomoni, yanasukumana: teksi, feni, mpini wa ufagio, betri ya tochi. Nilivuta pumzi. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona mke wangu, mwiko umesimama ndani ya sufuria, hasongi. Na chumbani, nyuma ya pazia, mtu alipunguza sauti ya redio.

"Ilikuwa bahati, mwanyumba," nilisema. "Niligusa huku, niligusa kule. Mi mwenyewe sijui nilifanya nini. Siwezi kufanya zingine."

Alinitazama. Hakuna mtu Kampemba aliyewahi kunisikia nikisema siwezi.

"Weye? Hauwezi?"

"Siwezi. Shule ilikuwa kidogo, unajua."

Nikaona uso wake unalainika kwa huruma, huruma ya kweli, nadhani ya kwanza aliyowahi kunipa. Alivuta benchi karibu, akachukua kijiti, akachora mawimbi ya sauti kwenye vumbi, akanieleza kwa nini moja ikienda mbele na nyingine nyuma sauti inapotea katikati. Jikoni mwiko ulianza tena kusonga. Nami nilitikisa kichwa kukubali kila alipofika mwisho wa wimbi, na nikamwomba arudie pale ambapo sikuelewa.