Pedi Zilizomwagika Tororo

Chekeni tu, maana mimi nikikumbuka siku ile natamani kujifunika kanga uso mzima.

Wivu ninao, sikatai, tena wa kuzaliwa nao. Kwa hiyo Baba Ajiambo alipoanza kujifulia chupi zake (mwanamume wa kijijini Lumino, ambaye tangu tuoane hajawahi kugusa beseni!) na kitandani akawa ananipa mgongo, na kila mara anakwenda Tororo eti kutafuta mahindi, nikajua kuna mwanamke. Asubuhi moja nikapekua begi lake nikakuta pakiti ya pedi. Pedi! Na mimi mambo ya mwezi niliyaaga zamani. Moyo uliniwaka moto.

Badala ya kumuuliza, nikaificha pakiti kwenye mkoba wangu, nikamfuata kwa bodaboda, njia nzima napanga matusi. Aliposhuka kwenye lango la hospitali nikasema ahaa, kumbe ni nesi! Na kweli, nilimkuta mume wangu ndani, sweta kafunga kiunoni, nesi kijana kamshika mkono anamnong'oneza.

“Malaya wewe, chukua vitu vyako!” Nikamrushia nesi ile pakiti. Ikapasuka, pedi zikatapakaa miguuni mwa wagonjwa.

“Mama, hapa watu nagonjwa,” nesi akasema, “wewe naleta kelele ya nini?”

Mume wangu akainama polepole, sweta likapanda, nikaona suruali yake nyuma imelowa damu. Akaokota moja.

“Mama Ajiambo, hii ni yangu. Nimezitafuta asubuhi yote.”

Daktari alitukalisha. Jipu lililomtoka mume wangu nyuma ya korodani, ambalo kwenye maduka ya dawa Busia walilitibu kwa sindano za kisonono mpaka likatoboka na kuvuja usaha na damu, lilikuwa kansa ya mrija wa mkojo, ambayo hata yeye daktari alikuwa ameisoma vitabuni tu. Nikamuuliza mume wangu kwa nini alinificha.

“Nilijua utasema ugonjwa nimeutoa kwa wanawake.”

Na ningesema, wallahi ningesema. Niliona aibu.

Sasa anangoja kupasuliwa Kampala. Pedi nanunua mimi, na muuza duka akinikodolea macho (kwa umri huu!) namwambia ni za mume wangu. Begi lake sitalipekua tena, nitauliza. Ila wivu haujaisha, jamani: nauonea huo uvimbe, unaolala naye kila siku na unataka kuninyang'anya.