Githeri

Neno lenyewe sikulibuni mimi. Mtaa wetu mzima wa Jericho, hapa Nairobi, ulikuwa ukiviita vyombo vya habari githeri: mahindi na maharagwe sufuria moja, ukweli na maneno ya wakubwa humo humo, hujui unatafuna nini. Nililipenda. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na nilijisifu kwamba siamini kitu kabla sijakihoji.

Siku ya maandamano, kwenye Barabara ya Jogoo, nilimwona mwanamke aliyevaa koti la waandishi wa habari. Alikuwa amepiga goti, kamera begani, akiwarekodi polisi. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Githeri hiyo!" nikapaza sauti. "Jioni mtatuonyesha mapishi ya mandazi badala ya haya!"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mlinunuliwa kitambo!" Kisha mkono mmoja ukavuta mkanda wa kamera, kamera ikaanguka, miguu ikapita juu yake. Haukuwa mkono wangu. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Alipogeuka nilimtambua. Ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akiniletea magazeti ya jana nilipokuwa shule ya msingi ili nijifunze kusoma. Nikainamisha kichwa nikapotelea kwenye umati.

Jioni hiyo tukaambiwa kaka yangu amekamatwa njiani akitoka kibaruani kwenye viwanda vya Industrial Area. Eti alirusha mawe.

Kesho yake jirani akabisha hodi. Mama alikuwa amepika githeri, akampakulia.

"Mama, nilimwona akikamatwa," jirani akasema. "Alikuwa amesimama kando, ameshika viatu vyake vya kazi. Nilirekodi yote, mpaka wanamshika."

"Asante Mungu! Twende nayo stesheni sasa hivi!"

"Kamera ilikanyagwa baadaye, mama. Hata kadi ilivunjika."

Mama akaweka mwiko chini. "Nani alifanya hivyo?"

Jirani akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha mimi kujua kwamba sauti yangu anaijua.

"Vijana tu," akasema. "Hawakujua."

"Ongeza githeri basi, msichana wangu."

"Imetosha, mama. Ya jana bado haijashuka."

Mama akacheka kidogo. Mimi nilitazama sahani yangu.

Wakaenda stesheni wawili, jirani akiwa na mdomo wake tu wa kutoa ushahidi. Nilisema nabaki kulinda nyumba. Kuilinda dhidi ya nani, mchana kweupe?

Mama alirudi peke yake, akaketi bila kuvua leso kichwani.

"Askari wa zamu alimcheka," akasema. "Akamwambia, 'Nyinyi watu wa habari, nani anawaamini siku hizi?' Sasa wewe uliyesoma, hebu niambie. Msichana mkweli vile, amekosa nini mpaka asiaminike?"

Kaka yangu alikuwa bado ndani. Mama alikuwa akingoja jibu.

"Sijui, mama," nikasema.