Matairi ya Kumfikisha Soraya

Pikipiki ilizimika yenyewe mbele ya ua wa matete, kana kwamba nayo ilikuwa imesema basi. Katembo alibaki ameketi nyuma, maana baada ya njia yote ile kutoka Kindu magoti yake yalikuwa yamekataa kunyooka. Dereva wake, Kadogo, alimshika kwapani akamteremsha kama gunia la mchele.

"Tumefika Kasongo, Papa. Hapa ni kwa shangazi yangu Safia. Yeye iko na motokari, na siku ya Ijumaa anaenda Kabambare. Utakaa mbele sawa shefu."

Katembo aligeuka kuitazama hiyo motokari. Ilikuwapo kweli, Toyota ndogo nyeupe, imeoshwa ikaoshwa tena, kiti cha nyuma kimetandikwa kitambaa cha maua. Ila ilikuwa imekaa juu ya matofali. Haikuwa na tairi hata moja.

Mzaliwa huyu wa Butembo alikuwa ametembea nchi nyingi na kulala katika nyumba nyingi za watu. Alikuwa ameona gari lisilo na milango, na gari ambalo kuku walitagia ndani ya injini. Lakini gari lililopambwa hivyo, halafu likakosa miguu, lilikuwa jambo jipya kwake. Uchovu ukamtoka.

"Na mipira yake iko wapi?" aliuliza. Mipira ndilo jina la matairi huku.

"Imepelekwa sokoni, inahukumiwa," ilimjibu sauti ya mwanamke.

Safia alitoka nyuma ya nyumba, mfupi, mpana wa mabega, mikono yake inang'aa mafuta ya mawese mpaka kwenye viwiko. Alikuwa muuza mafuta. Alimkagua mgeni toka kofia mpaka viatu, Kadogo akamtajia jina lake.

"Katembo? Wewe Munande, basi, mutu wa biashara. Munande hasafiri bure. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama."

"Basi unanunua."

"Sinunui pia. Ninatembea tu, ninaangalia."

Safia alimtazama kwa huruma. "Masikini. Kaa, ule kwanza."

Juu ya sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu, ndipo Katembo alipoelezwa habari ya gari. Soraya, binti wa mwisho wa Safia, alikuwa ameolewa na mtu wa Kabambare, na Ijumaa mama yake angempeleka kwa mumewe. Katika ukoo wao, bibi arusi akishatoka mlangoni kwa mama yake hakanyagi ardhi mpaka afike kwenye mkeka uliotandikwa mlangoni kwa wakwe. Nyanya yake Safia alipelekwa Nyangwe juu ya kiti, wanaume wakibadilishana mabega. Safia mwenyewe alipelekwa Lusangi juu ya baiskeli, na kwenye kilima mnyororo ukakatika.

"Nilishuka," alisema Safia. "Nilitembea padogo tu, mpaka mnyororo ukafungwa. Lakini mama mkwe aliona udongo kwenye kisigino changu. Tangu siku ile mbuzi akifa, ni kisigino cha Safia. Mvua ikikawia, kisigino cha Safia. Mume wangu alipougua, watu hawakuuliza muganga alisema nini. Waliuliza kisigino."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi naamini midomo ya watu. Hiyo najua inauma."

Vita vilipokuja alikuwa mjane tayari. Alivuka ziwa na watoto wake mpaka Kigoma, akauza mihogo ya kukaanga kando ya gati, na hapo dereva mmoja wa lori la dagaa, mtu mzito wa usingizi, alimfundisha kuendesha ili yeye apate kulala njiani. Aliporudi nyumbani miaka mingi baadaye, alirudi na Toyota ile, usukani upande wa kulia, katika nchi ambayo magari yake hupita upande huohuo. Watu wa Kasongo walicheka. Kisha wakaizoea, maana ilipeleka wagonjwa hospitali, watoto shule, madumu ya mafuta sokoni. Lakini Safia hakuwahi kusahau aliinunua kwa ajili ya nini. Dada zake Soraya walikuwa wameolewa hapahapa mjini, kuwapeleka ilikuwa mchezo. Soraya ndiye wa mbali. Na matairi ya zamani yalikuwa na upara, nyuzi zimeanza kuchungulia.

Asubuhi walikwenda sokoni kwa Pitchou, ambaye matairi yake yalining'inia kwenye boriti kama samaki wa kukaushwa. Kundi la watu lilikuwa limeshafika. Katembo aligundua upesi kwamba mji ambao karibu kila mtu anapanda pikipiki ndio mji ambao kila mtu anajua matairi ya gari.

"Mama Soraya, chukua hii," alisema Pitchou, akipiga teke tairi nene lenye meno makubwa kama ya mamba. "Ya Salamabila."

Kundi lote likaitikia. Kule Salamabila kuna dhahabu, na njia ya dhahabu haisamehe, basi Kasongo kitu kikiwa imara huitwa cha Salamabila: buti la Salamabila, tochi ya Salamabila, hata bwana wa Salamabila. Tairi lile huvaliwa na magari ya jeep yanayopeleka pampu na unga kwa wachimbaji. Gari lililolivaa halikwami. Nani angebishana?

"Shangazi, usifikiri mara mbili," alisema Kadogo. "Na hii ukifika Kabambare, wakwe watasimama wenyewe."

Katembo alikuwa ameinama pembeni, mbele ya matairi yaliyotumika, yenye mikato midogo midogo iliyojipindapinda. Ubavuni palichorwa mlima, na ndani ya mlima nyota.

"Na hii?"

"Hiyo okazyoni, mitumba ya Ulaya," alisema Pitchou bila hamu. "Mlima maana yake inapanda milima."

"Ile si nyota. Ni theluji."

"Ni nini?" aliuliza Safia.

Katembo alijaribu. Ni mvua iliyoganda, alisema, inaanguka polepole kama pamba, inalala njiani, na gari likipita juu yake linateleza.

"Inateleza sawa tope?"

"Kupita tope."

"Basi hii mipira imesoma," alisema Safia, na watu wakacheka.

"Lakini imefanywa laini, mama, kwa ajili ya baridi. Kwenye joto na mawe itaisha upesi. Pengine haitamaliza mwaka."

"Mimi sitafuti mwaka. Natafuta Kabambare."

Hata hivyo hakuamua. Alisema atajaribu aina zote mbili, na Katembo akaona namna ya kazi ambayo hakuwahi kuikuta popote. Mwenye kuuza mafuta huipima njia kwa kinachomwagika. Pitchou alipokwenda nyumbani kulivisha gari matairi ya Salamabila na likaletwa sokoni, Safia alijaza maji beseni mpaka karibu na ukingo, akamwita Katembo akae kiti cha nyuma, akampakatisha.

"Leo wewe ndiye bibi arusi."

Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. "Mwenye ndevu huyu nani alimposa?" mmoja alipiga kelele.

Walishika njia ya Nyangwe. Gari lilikuwa limeinuka kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Tairi gumu halikumeza kitu. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo wa Katembo. Kwenye kona ya kwanza likasikika ngurumo ya mbwa mwenye mfupa, tairi likiuma bati la juu yake, Safia akakata usukani, na nusu ya beseni ikaingia kwenye suruali ya mgeni.

"Bibi arusi amelowa!" walipokewa hivyo sokoni.

"Itazoea," alisema Pitchou.

"Nani atazoea? Mpira ao mutoto yangu?"

Matairi ya theluji yalivalishwa. Njia ileile, mwendo uleule. Mawe yalikuwapo, Katembo aliyaona kwa macho, lakini yalikuja kwake yamechoka. Maji yalicheza ndani ya beseni, yakalamba ukingo, yakarudi. Aliporudi sokoni magoti yake tu ndiyo yalikuwa na unyevu.

Safia aliushika ubavu wa tairi kati ya vidole, akaubonyeza. "Laini kweli. Jiwe kali litaikata." "Pitchou, za namna hii ziko ngapi?"

"Sita."

"Zote."

"Shangazi!" alilia Kadogo. "Watu watasema umevalisha motokari kandambili."

"Waseme. Kandambili hazimwagi mtu."

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha. Asubuhi mjomba Hemedi alimbeba Soraya mgongoni toka mlangoni mpaka kiti cha nyuma, miguu yake ya hina ikining'inia juu ya madimbwi. Godoro lilifungwa juu ya paa. Masanduku na tairi moja la akiba viliingia nyuma ya gari, na tairi la pili liliketi kando ya bibi arusi kama dada yake.

"Mama," alisema Soraya, "na nikibanwa na haja?"

"Kuna beseni."

"Mbele ya mugeni?"

"Mugeni atatazama nchi. Si ndiyo kazi yake?"

Wakatoka. Walipofika kilima cha mwisho wa mji, njia ilikuwa imekuwa uji mwekundu. Gari lilipanda, likapanda, kisha magurudumu yakaanza kuzunguka bure, na likarudi chini polepole. Safia alijaribu tena. Likafika palepale. Watu walishuka kutoka nyumba za juu, Kadogo na wenzake wakaja na pikipiki zao.

"Gari zito!" mtu alisema. "Bibi arusi ashuke kidogo tu, tumtandikie majani."

"Majani si udongo!" aliongeza mwingine.

Ndani ya gari, Soraya aliipandisha miguu yake kitini na kuifunika. Katembo aliuona mkono wa Safia ukikamata usukani mpaka vifundo vikageuka rangi. Matairi ya akiba yangeweza kuachwa hapo, lakini mbele kulikuwa na mawe.

"Papa Katembo," alisema Safia.

Uzito wa kupunguzwa ulikuwa wake. Katembo alifungua mlango na kukanyaga, na tope likamfika vifundoni.

"Sasa toa upepo wa mipira ya mbele," alisema Safia kupitia dirishani. "Huko kwa dagaa tulifanya hivyo kwenye mchanga. Mpira ulale kidogo, ushike."

Katembo alichutama, akabonyeza kwa njiti, upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, gurudumu moja, kisha la pili, mpaka matairi yakatanua tumbo. Akaenda nyuma, akaweka mabega kando ya Kadogo na wanaume wengine.

"Sukumaaa!"

Tope liliruka likawapaka usoni. Kisha Katembo akasikia tofauti kabla ya kuiona. Ile sauti ya kuzunguka bure ikazama, ikawa nzito, matairi yakatafuna. Gari likawatoka mikononi, na Kadogo akaanguka kifudifudi.

"Siwezi kusimama!" alipiga kelele Safia, bila kugeuza kichwa. "Nikisimama nitarudi! Unisamehe, Papa!"

Dirisha la nyuma lilifunguka, mkono wa Soraya ukautupa mfuko wa Katembo kwenye nyasi. Gari liliendelea kupanda, likayumba, likajinyoosha. Mara ya mwisho alipowaona, nyayo mbili za hina zilikuwa zimeegemea kioo, safi, juu juu kabisa. Kisha kilima kikawa kitupu, ikabaki honi tu, na honi nayo ikaisha.

Wanaume wakacheka, wakapigana mabega, wakaanza kubishana kama ingekuwa mipira ya Salamabila lingepanda mara ya kwanza. Kadogo aliapa kwamba ndiyo, mdomo umejaa udongo.

Mama mmoja aliyekaanga mikate kando ya njia alimwita Katembo, akamwekea kigoda, akaanza kummiminia maji miguuni kwa kopo.

"Pole, baba. Wewe ni wa upande wa mume, ao wa mke?"

Katembo alitazama maji mekundu yakitiririka kutoka visigino vyake.

"Wa mke," alisema.