Ng'ambo ya Meza

Katika shule ya wavulana wa Kiyahudi niliyoilinda miaka mingi, huku mtaa wa Observatory, Johannesburg, kila mwanafunzi mpya alisoma mstari wake wa kwanza kwenye kitabu kimoja kikuukuu. Baba yake alikaa ng'ambo ya meza, akiyaona maandishi yamepinduka. Akina baba waliacha maduka na ofisi zao wakaja. Mimi niliwafungulia geti.

Mwalimu wao mkuu alinieleza asili ya desturi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baba yake alikuwa kijana mwanafunzi. Yeye na wenzake walikimbia na mwalimu wao, kwenye baridi na njaa, wakiwa na kitabu hicho kimoja tu. Walikiweka katikati wakakizunguka. Yeye aliangukia upande wa juu, akajifunza kusoma kichwa chini miguu juu. Alipofika Johannesburg alifungua darasa kwenye chumba cha kupanga, na shule ikazaliwa humo.

"Mpaka uzeeni, ukimpa gazeti analigeuza kwanza," mwalimu alisema. "Tulimcheka. Anasema, chekeni tu, ninyi mmepata upande mzuri wa meza."

Wakati huo mwanangu alikuwa akisoma chuo cha Kurani karibu na kwetu, La Rochelle. Jioni moja alinijia na juzuu mkononi. Nilikuwa nimevua viatu, natazama mpira.

"Baba, nisikilize."

"Msomee mama yako."

"Ustadhi kasema Baba."

"Ustadhi wako halindi geti."

Mke wangu alicheka, nami nikacheka. Mwanangu akaifunga juzuu. Hakuniomba tena, na haukupita muda nikamtoa chuoni ili Jumamosi asome hisabati. Nilisema namtengenezea maisha. Hisabati aliijua kweli. Leo ana ofisi yake.

Mwaka huu tulimzika mama yake. Watu walipokaa kusoma Yasini, mwanangu alipanga viti, akagawa maji, kisha akapanga tena viti vilevile. Nilijua anakimbia nini, na nani aliyemkimbiza.

Baada ya arobaini nilikwenda kwake Kensington na ile juzuu. Kurasa zake zilikuwa safi kama za dukani. Niliiweka mezani, ikimwelekea yeye, nikakaa upande wa pili.

"Nisomee, mwanangu. Nakusikiliza."

Alinijibu kwa Kiingereza kwamba amesahau. Nikamwambia hata mstari mmoja unatosha. Alinitazama, kisha akaigeuza juzuu ikanielekea mimi.

"Soma wewe, Baba," alisema, sasa kwa Kiswahili.

Nilisoma. Nilikwama kwenye sura fupi ambayo watoto wadogo huijua, nikarudia, nikakwama tena. Hakunisaidia. Lakini alizima simu, akainamia meza, akaanza kuyafuata maandishi kwa kidole kutoka upande wake.