Mitungi Sita ya Rebeka

Kama kuna mtu aliyeijua mianzi ya milima ya Iringa, basi ni Rebeka Sekindole. Mjane huyu alikuwa akigema ulanzi, pombe ya mianzi, tangu hajavunja ungo, na ulanzi huohuo ndio uliomponza. Usharika ulimkamata akiuza ulio mkali, ukamtenga na Meza ya Bwana. Miaka mitatu mizima aliwatazama wenzake wakienda mbele, yeye amebaki ameketi. Iliuma, msione mwanamke anacheka sokoni.

Mwaka 1957, mwezi wa nne, ikaja sikukuu kubwa. Walutheri walikuwa wanatoka Ujerumani, Uswidi na Amerika kuja kuona misheni ya zamani na kusali pamoja na wenyeji. Wapiga tarumbeta walikuja toka Mbeya, wengine wakitembea siku kumi. Miongoni mwa wageni alikuwemo Bibi Hanna, mzungu mwenye mvi aliyezaliwa palepale misheni, anayetaka kuiona nyumba ya baba yake. Mchungaji Philbert akampa Rebeka ahadi: siku hiyo atarudishwa kundini.

Wazee wa kanisa nao wakamwomba awagemee wageni mtogwa, yaani ulanzi mbichi, mtamu, ambao hata mtoto hunywa. Sharti moja tu, usiwe umechacha. Rebeka akagema Jumamosi alfajiri, akajaza mitungi sita, maana wageni walitegemewa mchana.

Wageni hawakutokea. Lori lililowabeba, la Firoz mwenye duka wa mtaa wa Mlandege mjini, lilizama kwenye tope mlimani, na Mrisho dereva akalala nalo hukohuko pamoja na abiria wake wote. Jumapili asubuhi Rebeka alipofunua mitungi, povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni.

“Naumwaga wote,” akasema.

“Hebu ngoja, mama,” akasema Mzee Silvester, mzee wa kanisa aliyewekwa kusimamia vinywaji, mtu mkali kuliko wote kwa habari ya pombe. “Huwezi kumwaga mali ya kanisa bila kuonja. Si utaratibu.”

Akaonja mtungi wa kwanza, akakunja uso. Akaonja wa pili ili alinganishe. Haki ikamtaka aonje na mingine, asije akauonea mtungi wowote. Kufikia wa sita alikuwa anaimba sauti ya tatu peke yake, na lori ndio linaingia uwanjani, tarumbeta zinalia, akina mama wanapiga vigelegele.

Kanisa likajaa hadi madirishani. Baada ya mahubiri Rebeka akaitwa mbele.

“Dada Rebeka,” Mchungaji akauliza kama desturi ilivyo, “tangu ulipotubu, umetengeneza kileo tena?”

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Akaona miaka mitatu mingine ikimjia.

“Nimetengeneza, Mchungaji. Mitungi sita, iko jikoni. Niligema mtogwa, ukachacha usiku.”

Watu wakaguna. Ndipo Mzee Silvester akasimama, akiwa ameukumbatia mhimili.

“Ni kweli tupu! Mimi shahidi, nimeionja yote. Ila huo wa nne, ndugu zangu... huo wa nne!”

Kanisa zima likaangua kicheko. Mkalimani akatafuta maneno, asiyapate, lakini Bibi Hanna alikwisha kujifuta machozi ya kucheka, maana Kihehe na Kiswahili vyote alivinyonya palepale misheni utotoni. Mchungaji alijitahidi kununa, ikashindikana.

“Mzee Silvester apelekwe akalale,” akasema alipopata pumzi. “Mitungi imwagwe. Na wewe dada, aliyekosea ni tope la njiani. Umesema kweli pasipo mtu kukulazimisha. Karibu nyumbani.”

Rebeka akalia waziwazi, bila haya. Akapiga magoti kati ya Bibi Hanna na Mrisho dereva... la, Mrisho Mwislamu alikuwa nje anaosha lori. Ni mpiga tarumbeta mmoja wa Mbeya. Furaha ilikuwa nyingi, hata msimulizi anachanganya.

Kikombe kikamfikia. Ilikuwa divai ya zawadi, imeletwa na wageni kutoka Ujerumani. Rebeka akanywa, macho yakamtoka. Ilikuwa kali kuushinda ulanzi wowote aliopata kuuza maishani mwake.

Akameza, akasema amina, wala hakumwambia mtu.