Baraka Tulizoziomba Bisil

Laiti ningemkatalia palepale mlangoni. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimempangisha nyumba yangu ya nyuma, hapa Kitengela, mtu mpole wa nchi jirani ya kaskazini. Tulimwita Kamishna. Alikuwa msemaji wa waasi waliopigana na serikali ya kwao. Asubuhi moja alinijia akiwa na ombi.

"Mzee Mutua, kuna Wazungu wawili wamefika. Wako na uwezo wa kutusaidia, lakini hawasaidii watu wasio na marafiki. Tupeleke kwa mkwe wako, yule mzee wa Kimaasai. Tukishinda, wewe ndiye balozi wetu wa kwanza."

Mimi ni karani mstaafu wa kidato cha nne. Neno balozi lilinilevya.

Kesho yake jua likichomoza tuliondoka kwa gari la kukodi. Mbele ya Isinya twiga walisimama karibu na barabara, lakini mama Mzungu hakuigusa kamera. Alisema anataka picha za watu. Kajiado mjini nilinunua sukari na majani ya chai, maana kwa mkwe hakuendwi mikono mitupu.

Bisil ilikuwa siku ya soko. Lemayian, mume wa binti yangu Ndinda, alikuwa akibishania bei ya fahali pamoja na mwenzake wa biashara, Abdi.

"Baba, leo umetuletea Ulaya nzima!" alinitania. Kisha akaniambia kwamba karibuni wangevuka tena mpaka wa kaskazini kununua ng'ombe. Nilijua hiyo ndiyo nchi ya Kamishna. Nikamuuliza bei ya fahali.

Nyumbani kwao, baba yake, Ole Parsaloi, alitoka kunipokea. Tangu anipe ng'ombe wa mahari tuliitana Pakiteng, kama Wamaasai wanavyomwita mtu waliyeunganishwa naye na ng'ombe.

"Sopa, Pakiteng. Hawa ni nani?"

"Wageni wangu. Wana safari ndefu, wanaomba baraka."

Aliangalia miguu ya Kamishna, akacheka. "Suti ya harusi, viatu vya vita. Huyu anaenda wapi?"

"Kanisani," nikasema.

Tukacheka sote. Mzee akashika nyasi, akazichovya katika kibuyu cha maziwa, akamnyunyizia Kamishna huku akimwombea njia njema. Kamera ililia mfululizo. Kamishna akawatafsiria Wazungu kwa Kiingereza: wazee wa hapa wako nyuma ya vita vyetu.

Mama yule akanigeukia mimi. "Ndivyo alivyosema?"

Kiingereza nilikijua vizuri. Nikajibu ndiyo.

Njiani kurudi Kamishna aliimba hadi Kitengela. Mimi nilitazama nje, nikijiambia kwamba baraka haimdhuru mtu.

Msaada ulikuja, na Kamishna akahamia Ulaya. Picha nayo ilitoka katika jarida la huko, chini yake pameandikwa jina la Ole Parsaloi wa Bisil, rafiki wa mapambano. Serikali ya kwao Kamishna nayo husoma majarida. Lemayian alipovuka mpaka, askari walisoma kitambulisho chake, wakamuuliza kama Parsaloi wa kwenye picha ile ni baba yake. Akakubali kwa fahari, kama mtoto yeyote angekubali. Wakamkamata, na Abdi, aliyeyaona hayo, alirudi peke yake na shuka la Lemayian. Baadaye tulipata habari kwamba walimuua.

Nilikwenda Bisil peke yangu, nikamweleza mzee kila kitu, hata ile ndiyo yangu.

"Ulisema anaenda kanisani," alisema. Kisha akanisogezea kigoda. "Keti, Bwana Mutua. Utaletewa chai."

Chai ililetwa na Ndinda, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Aliweka kikombe chini, akaondoka bila kunitazama.

Nimekwenda mara nyingi tangu siku ile, na kila mara hupewa chai. Nilichotaka ni kuitwa balozi. Gharama yake ilikuwa uhai wa Lemayian na sauti ya binti yangu, na Ole Parsaloi hajaniita Pakiteng tena.