Losheni Kabla ya Penseli

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na maneno ya kutisha hayakuwahi kumwishia. Kila mtu mwenye ualbino aliyeingia chumbani kwake alionyeshwa picha za vidonda, akapewa chupa ya losheni ya kujikinga na jua, akaondoka akiitikia ndiyo, ndiyo. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuwa fundi wa kuezeka, na wenzake walimwita Kipimo, kwani hakukata bati bila kulipima mara mbili.

Siku moja mdogo wake alimnong'oneza kwamba chupa tatu zilikuwa juu ya kabati, hata kifuniko hakijaguswa. Muuguzi alipandwa na hasira, kisha akaona haya. Muda wote huo alikuwa akihubiri tu. Hakuwahi kumuuliza shemejiye swali hata moja.

Jioni alikwenda kwao, safari hii kusikiliza. Kipimo akafunguka. Zile picha zilimtia hofu mpaka chupa yenyewe hakutaka kuiona. Halafu asubuhi ni mbiombio. Akija kukumbuka, yuko juu ya paa.

"Shemeji, ni kitu gani usichosahau kamwe, hata ukichelewa?"

Kipimo alifikiri kidogo. "Penseli. Nikiichomeka sikioni, ndiyo nimeingia kazini."

"Basi sikio lipakwe kwanza, penseli baadaye. Ukishagusa sikio, uso na shingo haviko mbali."

Kipimo alicheka, lakini chupa akaiweka mwenyewe penye penseli zake. Na mchana je? Muuguzi alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza makusudi. Kipimo akalipata peke yake: wakishuka kula, akishanawa, anapaka tena.

Wiki ya kwanza alisahau siku mbili, na alizitaja bila kuulizwa. Kufikia mwezi wa pili alikuja kliniki kabla ya tarehe yake, kofia pana kichwani, kutaka chupa nyingine.

Picha za vidonda zikahamia kwenye droo. Sasa kila mgonjwa aliulizwa asubuhi yake inavyokwenda. Mwalimu mmoja alipaka kabla ya kufunga saa mkononi; muuza mboga, kabla ya kujitanda kitambaa. Daktari mkuu alilalamika kwamba foleni imekuwa ya kobe.

"Acha iwe ya kobe, daktari," muuguzi alisema, akamwita anayefuata.